Taya Moja, Hospitali Mbili

Uvimbe wangu ulianza upande wa kulia, nyuma kabisa, chini ya jino la mwisho, na kwa mwaka mzima niliuita jino. Haukuuma. Hilo ndilo ninalotaka ulijue kwanza, wewe ambaye jambo hili limekufika au limemfika mtu wako. Haukuuma hata siku moja, na ndiyo maana nilichelewa. Kitu kisichouma unakizoea. Unakipita kama unavyolipita jiwe lililo mlangoni pako tangu uzaliwe.

Jina langu ni Anastazia. Wakati ule nilikuwa na miaka thelathini na minne, opereta wa simu katika posta ya Mwanza. Tuliishi Butimba, mimi, mume wangu Deo na binti yetu Neema, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza. Kazi yetu maopereta ilikuwa kuunganisha simu za mbali. Mtu akitaka kuzungumza na Dar, Bukoba au nje ya nchi, aliandikisha namba akasubiri, nasi tukamtafutia njia kupitia kwa opereta wa mji mwingine. Kutwa nzima nilivaa vipokea sauti kichwani. Mwanzo wa kiangazi niliona vinanibana upande wa kulia, nikavilegeza. Pamba ilipokwisha kuvunwa nikavilegeza tena.

Mganga wa meno aling'oa jino la mwisho, kisha la pili yake. Yalitoka bila kazi, kama punje za mahindi zinavyotoka kwenye gunzi, na hilo nalo halikunishtua. Ila baada ya hapo shavu lilijaa upesi. Vuli ilipoanza, watu walikuwa wananisalimia huku wanaangalia pembeni. Nilianza kujitanda kitenge mpaka puani, nikisema ni vumbi.

Nyumbani mambo hayakuwa mazuri. Deo alikuwa amepunguzwa kazi katika ushirika wa pamba, akapata kibarua katika kiwanda cha samaki, na ubaridi wa chumba cha barafu ulimfanya arudi kila siku amenuna. Akaanza kula kabla sijaketi. Dada yake, wifi yangu Perpetua, hakuficha mawazo yake. Perpetua alikuwa mfanyabiashara wa mitumba pale Mirongo, mwanamke wa sauti kubwa na mikono mikubwa. Alisimama mlangoni kwangu akasema, "Wifi, huu si ugonjwa wa hospitali. Kuna mtu amekutazama vibaya hapo kazini. Twende Magu, kuna bibi anajua."

Sikwenda Magu. Nilipanda kwenye hospitali kubwa ya mlimani.

Ukienda huko utakaa. Beba maji, beba kitu cha kufanya kwa mikono. Benchi la kliniki ya kinywa lilikuwa kwenye korido ndefu, na wote tulikaa tumejifunika nyuso kama watu tulioiba kitu. Nilifuma kitambaa cha meza kizima kwenye lile benchi. Huko ndiko nilikojua kwamba niko na wenzangu. Mama mmoja wa Sengerema aliyekaa karibu yangu aliteremsha kanga yake bila neno, akanionyesha shavu lake, akapandisha. Nami nikateremsha kitenge changu. Ulikuwa mwezi wa nne tangu mtu aniangalie usoni moja kwa moja.

Daktari wangu aliitwa Masalu, kijana mwembamba aliyesema taratibu. Alinipiga eksirei, akakata kipande kidogo cha nyama kikaenda maabara, na jibu lilipokuja alinivutia kiti.

"Dada Anastazia, si kansa," alisema. "Lakini ni uvimbe unaokula mfupa, na hauachi. Taya la upande huu limebaki kama ganda la yai."

"Unaweza kuutoa?"

"Kuutoa naweza. Nikiutoa, sehemu hii yote inaondoka na mfupa wake. Uso utaanguka upande, kutafuna kutakuwa shida, na kusema pia." Hilo la mwisho alilisema polepole zaidi, kwa sababu alijua kazi yangu. "Yuko mwenzangu Nairobi anayeweza kuchukua mfupa wa nyonga akautia mahali pa taya. Mimi sijawahi kuifanya hiyo. Nimemwandikia barua mbili. Sijapata jibu."

Simu ya hospitali haikuweza kutoka nje ya nchi. Nilimuuliza kama ana namba ya huyo mwenzake. Alikuwa nayo. Nikamwambia, "Kesho saa tisa uje posta, ukae kibanda cha pili. Nitakutafutia mwenyewe."

Alikuja, na koti lake jeupe amelikunja mkononi. Nilimwona kwa mbali akiingia kibandani, nikakaa kwenye ubao wangu wa kuunganishia simu nikaita Nairobi.

Inabidi nieleze kitu hapa. Kwa miaka tisa nilikuwa nimeongea karibu kila siku na opereta mmoja wa Nairobi. Sikujua sura yake. Tuliitana kwa majina ya miji yetu. Nilimjua kwa kicheko na kwa namna alivyotaja saba, akiivuta.

"Mwanza, umepotea," alisema.

"Nipo, Nairobi. Nipatie namba hii tafadhali, ni ya hospitali. Usiiache mpaka daktari apatikane."

"Naingoja na wewe."

Ilichukua zaidi ya nusu saa. Walimtafuta wodini, wakamtafuta chumba cha upasuaji. Kila mara laini ilipotaka kukatika, Nairobi aliisema kwa ukali hadi ikarudi. Hatimaye sauti nzito ya mwanamume ikasema, "Kioko hapa." Nikamuunganisha na kibanda cha pili.

Sheria yetu ilikuwa opereta asisikilize mazungumzo ya mteja. Siku ile nilisikiliza.

Masalu alimweleza kila kitu, umri wangu, ukubwa wa uvimbe, eksirei inaonyesha nini. Mwenzake aliuliza maswali mafupi. Kisha akasema, "Barua zako sijaziona. Mlete. Nina nafasi baada ya wiki tatu. Nitautoa, nitamwekea mfupa, nitafunga meno yake kwa nyaya ili taya lisicheze. Lakini sina kitanda cha kumlaza wiki sita. Siku ya kumi na nne nikikurudishia, utampokea?"

"Nitampokea."

"Utamwangalia usaha, utamwangalia uzito, na nyaya utazitoa wewe. Nitakuandikia kila nilichofanya, hatua kwa hatua. Kama kuna usichoelewa, unipigie."

"Nitapiga," alisema Masalu. Nilisikia kalamu yake ikikwaruza karatasi.

Walipoweka simu chini, laini yetu ya maopereta ilibaki wazi. Nairobi alikuwa bado yupo.

"Mwanza," alisema kwa sauti ya chini, "huyo mgonjwa unamjua?"

"Ni mimi."

Nilisikia tu mvumo wa waya, na nyuma yake wenzake wakiita Kampala, Mombasa. Halafu akasema, "Naitwa Akinyi. Ukifika, nitakuja."

Deo hakukubali kirahisi. Aliniambia maneno ambayo nayaandika hapa kwa ruhusa yake. "Nairobi ni mbali. Ukinifia huko nitakuletaje?" Nilikasirika sana nikahamia chumba cha mtoto. Ilinichukua muda kuelewa kwamba yale hayakuwa maneno ya mtu asiyenijali. Alikuwa amekwisha kunizika mara nyingi kichwani mwake, na kila mara alikwama kwenye usafiri. Mgonjwa mwenzangu, watu wako wa nyumbani watasema vitu vibaya wakiwa na hofu. Usiviweke moyoni vyote. Chagua kimoja au viwili uvikumbuke, vingine viache vipite.

Ruhusa kiwandani Deo hakupata, kwa hiyo ilibidi nisindikizwe na mtu mwingine, na mtu aliyeijua njia ya mpaka wa Sirari kuliko wote alikuwa Perpetua. Tangu biashara ilegezwe alikuwa akienda na kurudi Kenya kufuata marobota ya nguo. Alikuja na mfuko wake mmoja, akasema, "Haya, twende kwa hao Wazungu weusi wako. Wakishindwa, tutapitia Magu tukirudi."

Nilibeba bahasha ya kaki yenye barua ya rufaa na picha za eksirei. Sikuiweka juu ya rafu ya basi wala chini ya kiti. Niliilaza mapajani toka Mwanza hadi Nairobi. Pale mpakani ofisa aliinua eksirei moja kwenye mwanga wa dirisha, akatazama taya langu, akanitazama mimi, akagonga muhuri. "Mungu akutangulie, mama," alisema.

Hospitali ya Nairobi ilikuwa kubwa mno. Kulikuwa na foleni ya kuandikisha jina, foleni ya damu, foleni ya kuulizia foleni. Lakini Daktari Kioko alipoifungua ile bahasha alisoma barua ya Masalu mara mbili, akasema, "Huyu bwana anaandika vizuri," na tangu hapo nikajiona si mgeni. Alikuwa mtu mnene mwenye vidole vidogo kama vya mshona nguo. Alinionyesha kwenye nyonga yangu mahali atakapochukua mfupa. Alihitaji chupa mbili za damu ziwekwe akiba. Perpetua, ambaye huogopa sindano kuliko nyoka, alitoa ya kwanza akiwa amefumba macho. Ya pili hatukuwa na mtu.

Mchana wa siku iliyofuata niliamka kitandani nikasikia mtu mlangoni mwa wodi akimuuliza muuguzi, "Kitanda nambari saba kiko wapi?" Nikaketi. Mwanamke mfupi, mnene, wa miaka yangu, amevaa sweta ya kijani.

"Nairobi," nikasema.

"Mwanza," akasema, na akanishika uso kwa mikono yote miwili, hapo hapo penye uvimbe, bila kuogopa. Kisha akakunja mkono wa sweta akamuuliza muuguzi wapi wanakotolea damu.

Kuhusu upasuaji wenyewe sina la kusimulia. Walinipa nusukaputi, nikahesabu mpaka nne. Nilipozinduka jua lilikuwa limehama dirisha. Kilichoniuma si taya bali nyonga, na hili hakuna aliyeniambia. Wiki ya kwanza nilitembea kama mtu aliyepigwa teke na ng'ombe. Kichwa kilikuwa kizito kama mtungi. Ulimi ulitafuta meno ukakuta ukuta, kwa sababu meno ya juu na ya chini yalikuwa yamefungwa pamoja kwa nyaya nyembamba. Sauti iliyotoka ilikuwa ya puani tu. Nilikuwa na daftari la shule na penseli, na kitu cha kwanza nilichoandika kilikuwa, "Uso umeanguka?"

Perpetua alilisoma akasema, "Umevimba kama andazi. Lakini uko sawa pande zote mbili." Kisha akageukia ukutani kwa muda mrefu.

Kabla ya kuondoka, muuguzi mkuu wa wodi, Sista Wambui, alimkalisha wifi yangu kwenye kiti, akampa koleo dogo la kukatia waya, limefungwa kamba.

"Hili linakaa shingoni mwako," alimwambia. "Akitapika, usikimbilie kukata. Mwinamishe, kichwa chini, uji ni mwepesi, utapita katikati ya meno. Ukiona hapumui, midomo inabadilika rangi, hapo kata. Nyaya nne mbele, mbili kila upande. Ukikata bila sababu, kazi ya daktari inaharibika. Ukichelewa, unampoteza. Nionyeshe."

Perpetua alionyesha mara kumi, kwenye mswaki uliozungushiwa waya.

Tuliondoka Nairobi asubuhi, na bahasha mapajani mwangu ilikuwa nene zaidi. Ndani yake Daktari Kioko alikuwa amechora taya langu kwa mkono, amehesabu kila waya na kila skrubu. Mpaka Kisii nilikuwa sawa. Halafu barabara ikaanza kupinda kwenye vilima, basi likayumba kulia na kushoto, na mtu mbele yetu akafungua samaki wa kukaanga. Niliusikia ute ukijaa mdomoni. Niliminya mkono wa wifi.

Nimewahi kuogopa maishani, lakini si vile. Ukitaka kutapika na mdomo haufunguki, mwili mzima unakuwa mlango mmoja uliofungwa. Perpetua alinivuta kichwa kati ya magoti yake, mkono mmoja kwenye kisogo changu, mkono mwingine ameshika koleo. Uji ulitoka kwa meno na kwa pua. Sikupata pumzi. Nilimsikia abiria mmoja akisema, "Kata, mama, kata, anakufa."

"Nyamaza," wifi yangu alimjibu, taratibu kabisa. "Wifi, vuta kwa pua. Bado. Vuta. Naiona rangi yako, bado uko nami. Vuta."

Nikavuta. Hewa ikaingia, nyembamba kama uzi. Nikavuta tena. Alinifuta uso kwa mojawapo ya nguo alizonunua za kuuza, blauzi nzuri ya hariri, na hadi tunafika Sirari hakuachia lile koleo. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi, ilibidi mimi ndiye nivifungue kimoja kimoja. Habari za Magu hakuzitaja tena, siku ile wala baadaye.

Masalu alinipokea kama alivyoahidi. Alitandika ule mchoro kwenye meza yake, akakagua kinywa changu mstari kwa mstari, na kila Jumatatu kwa wiki nne zilizobaki nilipanda mlimani akanipima uzito na kuandika. Wiki ya pili pakatokea usaha kidogo chini ya kidevu. Alikwenda mwenyewe posta, akapiga simu. Siku iliyofuata alibadilisha dawa, na usaha ukakauka. Ndivyo walivyonigawana wale mabwana wawili, mmoja huku na mwingine kule, na hakuna aliyeniachia katikati.

Nyumbani Neema hakunitambua. Alijificha nyuma ya mlango, akamuuliza baba yake, "Huyu mama atalala hapa?" Nilikuwa nimekonda hadi mikanda yangu yote ikahitaji tundu jipya, na mshono ulitoka chini ya sikio hadi kidevuni. Sikumlazimisha. Niliandika kwenye daftari kwa herufi kubwa, JINA LAKO NI NEEMA, nikaliacha sakafuni. Alitoka polepole, akasoma kwa kidole. Tukaendelea hivyo siku nzima, mimi naandika, yeye anasoma, na jioni alikuwa amekaa pajani pangu. Mwisho wa muhula mwalimu alitaka kujua nani anamfundisha kusoma nyumbani.

Deo naye alinishangaza. Kiwandani, minofu ya sangara ikishakatwa kusafirishwa nje, mifupa na vichwa vinavyobaki, mapanki, vinauzwa kwa wenyeji. Alileta mapanki kila siku mbili, akayachemsha kwa masaa, akayachuja kwa kitambaa safi mara tatu ili usibaki mwiba hata mmoja, akanitilia kikombe na mrija. Aliketi mbele yangu, sahani yake mwenyewe mkononi, akala nami. Hakuniomba msamaha kwa maneno. Sikuuhitaji.

Nyaya zilitolewa masika yameanza. Mdomo ulifunguka upana wa kidole kimoja tu, nikalia nikidhani ndiyo basi. Masalu alinipa vijiti bapa vya mbao, niongeze kimoja kila baada ya siku tatu. Nilianza na wali laini na ndizi za kuponda. Michembe, viazi vyetu vikavu alivyoniletea mama kutoka Misungwi, nilivitafuna mwezi wa tano baada ya upasuaji, upande wa kushoto, na mama alikaa ananisikiliza ninavyotafuna.

Kazini nilirudi. Mdomo wa chini ulikuwa na ganzi na mpaka leo una ganzi kidogo. Herufi b na p zilinitoroka. Nilizifukuza kila asubuhi bafuni, Bukoba, Bunda, Biharamulo, mpaka zikarudi. Mkuu wangu alinipa wiki mbili za majaribio na sikukosea hata simu moja. Baadaye mitambo mipya ikaja, watu wakawa wanapiga wenyewe, na maopereta tukapunguzwa. Lakini nilipunguzwa pamoja na wenzangu wenye mataya ya kuzaliwa nayo, na kwangu huo ulikuwa ushindi.

Miaka miwili baada ya upasuaji wangu, Daktari Kioko alikuja Mwanza. Aliingia chumba cha upasuaji cha mlimani, akasimama upande, na Masalu ndiye aliyeshika kisu. Asubuhi ile Masalu alituma mtu aniite nikakae na mgonjwa kabla hajaingia. Alikuwa mvuvi wa Ukerewe, jina lake Magesa, baba wa watoto watano, na uvimbe wake ulikuwa mkubwa kuliko wangu. Alikaa kwenye benchi, taulo shavuni.

"Shikamoo, kaka," nikamsalimu, maana alinizidi umri.

"Marahaba." Alinitazama kwa muda mrefu, nikamwacha anitazame. "Wewe ndiye wa Nairobi?"

"Ndiyo mimi."

"Nyonga inauma?"

"Inauma sana wiki ya kwanza. Ya pili unatembea. Ya nne umesahau."

"Na ndevu? Zitaota upande huu?"

"Hilo sikuwahi kumuuliza daktari," nikamwambia.

Mabega yake yalitikisika kwa kicheko, na taulo likateremka. Aliliacha. Akanyoosha mkono karibu na uso wangu, akauzuia. "Naweza?"

"Gusa."

Alipitisha kidole toka chini ya sikio mpaka kidevuni, polepole, kisha akabonyeza kama mtu anayepima ubao kabla ya kuununua.

"Ni mfupa kweli," alisema.

"Ni mfupa."

Muuguzi akaita jina lake. Magesa akasimama, akavua saa yake, akanipa nimtunzie. Nikaivaa mkononi, nikafungua ufumaji wangu, nikakaa pale kumsubiri.